Mayai Mia na Nane Yaliyooshwa

Kwa miaka ishirini na minne mpishi wa mashua ile alitia chumvi kwa vidole, na hakuna mgeni aliyewahi kulalamika kwamba imepungua au imezidi. Siku hizi alikuwa anapima. Kijiko kimoja cha chai kwa sufuria ya kati, viwili kwa ile kubwa, na haonji. Anatia, anakoroga, anapakua. Wageni wakisema kitamu anaitikia asante, sahani zikirudi anaosha, na ukimwuliza jana alipika nini inabidi asimame kidogo afikiri.

Watu waliita hali hiyo majonzi. Yeye mwenyewe angekwambia si majonzi, maana majonzi aliyajua. Alimzika baba yake akalia mpaka sauti ikamkauka wiki nzima. Hii ilikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya: upo, unauona, lakini ukiuminya husikii kitu. Siku ya mazishi ya mumewe alisimama macho makavu, akawaza kama gesi ya jikoni ameifunga. Shangazi mmoja wa upande wa mume aliliona hilo, na shangazi yule akiona jambo, kabla ya jioni ukoo mzima umeshaliona.

Mashua ni ya tanga, inabeba wageni wanane na kuwazungusha visiwani. Jumatatu inang'oa nanga, Jumamosi inarudi bandarini. Kila Jumatano inatia nanga kwenye kisiwa kidogo chenye hifadhi ya kasa, na huko ndiko mumewe alikokuwa akifanya kazi ya kutunza viota. Kwa hiyo ndoa yao ilikuwa ya Jumatano. Nahodha alizoea kuwatania kwamba hiyo ndiyo ndoa pekee anayoijua isiyo na nafasi ya kununiana, kwa sababu ukianza kununa tu mashua inaondoka. Na alikuwa hajakosea sana. Katika miaka yote hiyo waligombana Jumatano mbili, na moja ilikuwa juu ya chandarua. Wakapata binti, akakua kwa bibi yake, sasa yuko chuoni. Maisha yao yalikwenda vizuri kuliko ya wengi wanaolala kitanda kimoja kila siku.

Mumewe walimwita Ndoo. Hukumkuta ufukweni bila ndoo yake ya plastiki, kwa kuwa kasa wengine hutaga karibu mno na maji, na kiota cha namna hiyo bahari itakifuata tu. Basi alfajiri anapita, anayatoa mayai, anayatia kwenye ndoo yenye mchanga, anayahamishia juu, ndani ya uzio, kwenye shimo alilolichimba yeye mwenyewe. Mama yake hakulipenda jina hilo hata siku moja. "Nilizaa mtoto," alikuwa anasema, "sikuzaa ndoo."

Jumatano aliyofariki, mpishi aliteremka pwani saa moja asubuhi akiwa na chai yake kwenye chupa, kama kawaida. Wageni walikuwa bado wamelala. Akamkuta amekaa mchangani, mkono kifuani, jasho linamtoka, ndoo iko kando yake imejaa mayai. Mpishi alichukua filimbi iliyokuwa shingoni mwa mumewe, akapiga. Kule mwisho wa ufukwe wakatokea walinzi wawili wa hifadhi, wadogo kama vidole, wanakimbia.

"Wale wanakuja, watanitosha," mumewe akamwambia. "Wewe nipelekee mayai yangu shimoni, yasipigwe na jua. Na usiyakaange."

Aliyasema kwa sauti yake ya kila siku. Hiyo sauti ndiyo iliyomponza mpishi. Angelalamika, angelia, asingemwacha. Lakini mtu akikufanyia mzaha unaona kwamba hajaumia sana, basi akainua ndoo akaenda.

Alichokifanya baada ya hapo hakumwambia mtu yeyote. Alipofika uzioni aliyatazama mayai akaona yana ute na mchanga. Yeye ni mpishi wa wageni. Yai haliingii jikoni kwake bila kuoshwa. Alishawahi kufokewa na mgeni kwa ajili ya kinyesi cha kuku kilichokuwa kwenye ganda, na tangu siku hiyo anaosha, anafuta, ndipo anapanga. Akafungua bomba la tangi, akajaza beseni, akaliosha yai moja moja. Mia na nane. Akayakausha kwa kitambaa cha begani mwake, akayageuza huku na huku kuhakikisha yametakata, akayapanga shimoni safu kwa safu kama anayepanga kwenye trei. Katikati ya kazi hiyo alisikia injini ya boti ikiwaka. Alisikia mtu akiita. Akajisemea atamaliza kwanza, kwa kuwa ametumwa, na karibu nusu yalikuwa bado. Alipofukia na kujikung'uta mikono, boti ilishakuwa nukta baharini, ikikimbilia kisiwa chenye hospitali. Mumewe hakufika.

Walinzi walimweleza mama yake yote waliyoyaona, na walikuwa waungwana, hawakuongeza wala kupunguza. Walimkuta keshalegea, macho yako wazi, hasemi. Hakusema neno mpaka mwisho. Mke wake? Mke wake hawakumwona. Walimwita, hakuja.

Wiki ya nne mpishi alirudi kazini. Jumatano hiyo aliteremka na wageni, akabeba trei ya juisi, akasimama nyuma yao karibu na uzio. Msimamizi wa hifadhi, dada mmoja mwembamba mwenye kofia iliyochoka, alikuwa anawaeleza jinsi viota vinavyohamishwa. Akasema yai la kasa halioshwi, ule ute ni kinga yake. Akasema yai likishatulia halifai kugeuzwa, kwa sababu mtoto hujishikiza juu ya ganda, na ukimgeuza anakufa humo humo. Mgeni mmoja akauliza, hata mara moja? Msimamizi akajibu, hata mara moja.

Mpishi akagawa juisi. Hakumwaga hata tone. Baadaye alijaribu kukumbuka kama mumewe aliwahi kumwambia, akakumbuka kwamba alimwambia, si mara moja wala mbili, kwenye Jumatano nyingi sana. Alikuwa anaitikia "ehe" huku anawaza vitunguu. Msimamizi akaendelea, akaonyesha kijiti chenye tarehe na namba, akawaambia wageni kile ni kiota cha mwisho cha mwenzetu aliyefariki, kila mtu hapa anakisubiri. Akamtazama mpishi kwa upole. Mpishi akatikisa kichwa na kuokota glasi.

Habari za kiota zikamfikia mama mkwe. Unafikiri zingekosa kumfikia? Bibi yule aliishona nusu ya mji kwa cherehani yake kwa miaka arobaini, na hajasahau kuuliza. Akampigia simu nahodha mwenyewe, akamwambia anataka kuwapo siku mayai ya mwanawe yatakapoanguliwa. Nahodha, ambaye hajui kumkatalia mama wa mtu, akasema chumba cha mpishi kina kitanda cha juu na cha chini. Ndivyo ilivyokuwa kwamba Jumatatu ya wiki ya tisa mama mkwe alipanda mashua na mkoba mmoja, akachagua kitanda cha chini, na mkaza mwanawe akalala juu, dari ikimgusa pua.

Siku mbili walikaa jikoni pamoja, bibi akimenya viazi asivyoombwa kumenya. Bahari haikumsumbua hata kidogo. Alikuwa anashikilia meza kwa goti na kuendelea kumenya.

"Chakula chako siku hizi kimepooza," alisema Jumanne mchana.

"Wageni hawajalalamika, Mama."

"Wageni wana adabu. Mimi ni mama yako."

Mpishi akaleta chumvi. Bibi hakuichukua.

"Sijasema chumvi," akasema. "Nimesema kimepooza."

Zaidi ya hapo hakuuliza kitu. Hakuuliza ulikuwa wapi siku ile, walipokuita. Wiki tisa hakuuliza, na mpishi alijua swali hilo lipo, limekaa na wao pale mezani kama mtu wa tatu. Alijua pia kwamba akilijibu itabidi aseme alikuwa anafanya nini, na akisema alikuwa anafanya nini atakuwa amemuulia mwanamke huyu matumaini aliyoyavukia bahari. Mwana mmoja, amekufa. Kilichobaki cha mkono wake ni kile kiota. Mpishi alilielewa hilo vizuri sana. Lakini kulielewa ni jambo moja, na kulisikia ni jingine, naye hakulisikia. Alikuwa analitazama tu kama anavyotazama maji yanayochemka.

Jumatano waliteremka pwani saa tatu. Siku sitini na tatu kamili, na kiota hakijaonyesha dalili yoyote. Kwa kawaida mchanga hubonyea siku mbili tatu kabla watoto hawajatoka. Huu ulikuwa umetandazika, mkavu. Msimamizi alishasema kwenye simu kwamba wakifika siku hiyo hakijatoka kitu, watakifukua wakione.

Wageni walizungushwa kwanza kwenye matangi. Waliambiwa wavue viatu na wasiguse maji, kwa sababu mafuta ya kujikinga na jua ya mikononi mwao huwadhuru kasa. Waliona kasa aliyekatwa pezi la mbele na injini ya boti, anaogelea akizunguka upande mmoja tu. Waliona mwingine aliyejaa gesi chini ya gamba asiyeweza kuzama; amebandikwa vipande viwili vizito vya madini ya risasi mgongoni ili angalau afikie chakula chini. Mama mkwe alisimama kwa huyo wa pili muda mrefu.

"Huyu atapona?" akamwuliza msimamizi.

"Wengine hupona, Mama. Tunampunguzia uzito kidogo kidogo tuone kama atazama mwenyewe."

"Na asipozama?"

"Atakaa hapa."

Bibi akatazama kwanza kasa, kisha mkaza mwanawe. Mpishi alikuwa anahesabu taulo za wageni.

Kisha wakaenda uzioni. Walinzi wale wawili walikuwapo, wamevaa mashati safi. Msimamizi akapiga magoti, akavaa glavu, akaanza kuchimba kwa mkono, polepole, mpaka kiwiko kikapotea mchangani. Akatoa yai la kwanza. Lilikuwa limebonyea, la rangi ya karatasi ya zamani. Akaliweka juu ya gunia. Akatoa la pili. Akawa anayapanga kumi kumi, na kila safu ilipojaa watu walizidi kunyamaza, maana hata mgeni aliyekuja jana anajua maana ya mayai yanayotoka mazima.

"Yamepangwa vizuri," msimamizi alisema kwa mshangao kidogo. "Sijawahi kukuta yamepangwa hivi."

"Mwanangu alikuwa nadhifu," akasema mama mkwe.

Mpishi alisikia maneno hayo yakipita karibu na sikio lake. Alitazama mikono ya msimamizi. Safu kumi, na juu yake manane.

Hatua iliyofuata ni kuyapasua, yai moja baada ya jingine, kuona mtoto alifika wapi kabla hajafa. Harufu ilipoanza, wageni walirudi nyuma, mmoja akaenda kabisa mpaka kwenye maji. Mama mkwe hakusogea hata hatua moja. Msimamizi alipasua kama thelathini, kisha akapasua mengine haraka haraka, kisha akakaa juu ya visigino vyake.

"Hayakuanza," akasema. "Hata moja halikuanza. Pole sana, Mama."

"Kwa nini?"

"Siwezi kujua. Labda joto. Ile mvua ya mwezi uliopita ilikuwa kubwa. Labda mayai yenyewe hayakuwa na uhai tangu mwanzo, hutokea. Kiota kinaweza kufa tu, bila mtu kukosea."

Ilikuwa kama msimamizi amemfungulia mpishi mlango na kuuacha wazi. Mpishi angeweza kupita. Hakuna duniani aliyejua, na hata sayansi imesema haijui. Angetikisa kichwa, angesema ndiyo hivyo, wangerudi mashuani akakate nanasi. Mpaka leo hajui kwa nini hakupita. Haikuwa ujasiri, mtu asiyesikia maumivu hana haja ya ujasiri. Labda alichoka tu kubeba, kama unavyochoka kubeba mfuko ukauweka chini popote ulipofika.

"Mimi niliyaosha," akasema.

Msimamizi akageuka. Walinzi wakageuka. Nahodha, aliyekuwa anawachunga wageni, akawapeleka mbali bila kuambiwa, Mungu ambariki.

"Niliyaosha yote kwa maji ya bomba, nikayafuta, nikayageuza. Kama ya kuku. Ndiyo maana yamepangwa hivyo. Siku ile mlipokuwa mnaniita nilikuwa hapa, naosha mayai. Nilisikia injini. Sikuja."

Walinzi walitazama chini. Msimamizi akavua glavu. Mama mkwe alikuwa amesimama ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, na uso wake haukubadilika.

"Nani alikwambia uyashughulikie mayai?" akauliza.

"Yeye."

"Yeye nani?"

"Mwanao, Mama."

"Mwanangu alikuwa hasemi." Akawaelekea walinzi. "Si mliniambia hakusema neno?"

"Tulimkuta hasemi, Mama," mmoja akajibu. "Tulikuwa mbali."

"Kabla hawajafika," mpishi akasema. "Aliniambia wale wanakuja, watanitosha, wewe nipelekee mayai yangu shimoni, yasipigwe na jua. Na usiyakaange."

Mama mkwe akakaa chini. Hakutafuta mahali, alikaa pale pale mchangani, karibu na gunia, karibu na harufu, mguu mmoja umenyooka na mwingine umekunjwa. Mpishi alidhani ameanguka, akainama amshike. Bibi akausukuma mkono wake.

"Na usiyakaange," bibi alisema.

"Ndivyo alivyosema."

"Alisema hivyo huku anaumwa."

"Ndiyo, Mama."

"Usiku wa wiki tisa," bibi akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini, haina ukali hata kidogo, "nalala nikijua mwanangu alikufa hana neno. Najiuliza aliogopa? Alinitaka? Alijua kwamba anakufa? Na wewe unalo. Ulikuwa nalo muda wote. Ulilala juu yangu siku mbili nalo."

Kwa wiki tisa mpishi alikuwa amelificha lile kosa la mayai kama aliyeficha moto, na hakuwahi hata mara moja kufikiri kwamba ndani ya maficho hayo hayo amefungia kitu ambacho si mali yake. Alifikiri anamnyima bibi habari mbaya.

"Sikujua, Mama," akasema. "Niliogopa mayai."

"Mayai!" Bibi aliyatazama yale makumi kumi juu ya gunia kama mtu anayetazama vitu vya jirani. "Hebu sema tena."

"Wale wanakuja, watanitosha. Wewe nipelekee mayai yangu shimoni..."

"Siyo hivyo. Unasoma kama barua ya serikali. Sema alivyosema yeye."

Mpishi akavuta pumzi. Alijaribu kuikumbuka sauti, akagundua kwamba haikuhitaji kukumbukwa, ilikuwapo pale pale alipoiacha: ule uvivu wa mumewe wa kuburuta neno la kwanza, kisha kuharakisha yaliyobaki, na kicheko kidogo kinachotokea puani kabla ya mzaha wenyewe. Akasema. Alipofika kwenye kukaanga, kicheko kile kilitoka puani mwake mwenyewe, cha marehemu kabisa, na mmoja wa walinzi akaziba uso kwa kofia.

Ganzi ikamwachia hapo. Haikumwachia vizuri. Ilikuwa kama ule mguu damu inapourudia, unapotamani ungebaki umekufa. Akaliona lile beseni, akaiona boti nukta baharini, akajua kwamba mumewe amekufa na kwamba yeye alikuwa anakausha yai la hamsini. Alianza kulia kwa sauti mbaya, ya kukwaruza, mbele ya watu wa kazini kwake, mikono ikining'inia.

Mama mkwe hakumbembeleza. Hakuwa amemsamehe, na hakujifanya. Alivuta kanga ya mkaza mwanawe mpaka naye akakaa mchangani, akaacha alie kwa kadiri alivyotaka, akangoja. Huko kwenye maji nahodha aliinua mkono kuuliza kama waondoke, kisha akaushusha. Kilio kilipopungua kidogo, bibi alimfuta pua kwa ncha ya kanga yake, kwa nguvu, kama anavyofutwa mtoto.

"Tena," akasema.